Daktari wa Udongo

Ukimwita Mama, aliitika. Ukimwita Bibi, aliitika, na ukimwamkia alikujibu marahaba ndefu yenye baraka ndani yake. Lakini ukimwita Misis, kama alivyofanya karani wa kliniki siku ya kwanza niliyomsindikiza, alikuwa kiziwi. Aliendelea kusoma gazeti lake. Karani aliita mara ya pili, akaita mara ya tatu, mwisho akatoka nyuma ya kaunta akamfuata kitini. Hapo ndipo alipovua miwani na kumweleza, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba mle ukumbini hakuna Misis, kuna Daktari, na kwamba fomu aliyoijaza kwa mkono wake inasema hivyo kwa wino mweusi. Watu wote waligeuka kututazama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye alivaa tena miwani yake.

Nami nitamwita Daktari tu humu. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyewahi kumnyang'anya.

Tulikaa ngazi moja katika nyumba za serikali za Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, Australia, yeye chini pamoja na binti yake, mimi juu na mwanangu mdogo. Mimi ni Mkenya, muuguzi kwa kazi, ila wakati ule uuguzi wangu ulikuwa kwenye bahasha, ukisubiri wakubwa wa hapa waamue kama nilichosomea Kenya kinatosha. Yeye alikuwa Mtanzania, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu kwa changu. Nikisema "hiyo mtoto", alinisahihisha palepale, hata kama nilikuwa nalia.

Tulifahamiana kwa ajili ya degedege. Mwanangu alipata homa, na asubuhi moja akaanza kukakamaa mikononi mwangu, macho yamepinduka. Muuguzi akiuguliwa na wa kwake husahau yote aliyofundishwa. Nilishuka ngazi mbio kwa sababu nilikuwa nimeona kwenye kisanduku cha barua cha jirani wa chini pameandikwa Dr. Nikagonga mlango kwa ngumi. Akafungua mwanamke mrefu, mwenye mvi, amejifunga khanga juu ya suruali ya kazi.

"Mimi ni daktari wa udongo," alisema, "siyo wa watoto. Lakini mlaze hapa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alimlaza mtoto ubavu kwenye zulia lake, akaniamuru niangalie saa nihesabu dakika, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Alipoulizwa anayepiga ni nani, alijitaja kwa cheo chake chote, akatoa anwani, akakata. Gari lilifika kabla sijamaliza kumvalisha mtoto soksi. Baadaye nilimuuliza kama ule haukuwa udanganyifu kidogo. Akasema hakudanganya mtu, kwani hawakumuuliza ni daktari wa nini. Aliona haya kidogo alipolisema hilo, lakini haya ile haikumzuia kucheka.

Udongo ulikuwa kweli ndio maisha yake. Alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya namna mvua inavyoteremsha ardhi ya milima ya Uluguru, na nini wakulima wafanye ili mlima usihamie mtoni. Kitabu hicho, chenye jalada jeusi na maandishi ya dhahabu mgongoni, kilikaa rafu moja na Biblia, na haikuruhusiwa kuweka kikombe juu ya chochote kati ya hivyo viwili. Hakuweza kupita mahali panapochimbwa bila kuinama. Alichukua udongo kidogo, akautemea mate, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akausogeza karibu na sikio kana kwamba utamwambia kitu. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na kiwanja cha udongo mgumu, mwekundu, uliomshinda kila mpangaji. Yeye alikaa nao mwaka mzima akiupa maganda, majani makavu na maneno makali, kisha akatoa matembele na majani ya maboga yaliyotulisha ngazi nzima. Wanawake wa Kikongo wanaouza mboga mtaa wa Fairfield walikuja kwa treni kumwuliza mbinu. Aliwafundisha bure, ila kila mmoja alilazimika kuandika anayoambiwa. Asiyeandika alirudishwa akalete daftari.

Habari za Ulaya alinisimulia vipande vipande, tukichambua matembele kwenye ngazi. Alikwenda kwanza Ujerumani kwa mkataba wa utafiti, akiwa na udaktari wake alioupata nyumbani. Alipofika alibandika karatasi kwenye kisanduku cha barua: Dr., kisha jina lake. Haukupita mwezi, mwenzake wa ofisini akamvuta pembeni kwa upole na kumwomba aiondoe kabla mtu hajamshitaki. Kule, alimwambia, kujiita Dr. bila kuruhusiwa na sheria ni kosa la jinai. Daktari alidhani ni utani. Akaenda ofisi inayohusika, na bwana mmoja mwenye adabu sana akamfungulia sheria mezani. Waliosomea nchi za Umoja wa Ulaya wanaweza kuandika Dr. bila kuulizwa. Nchi nyingine chache ziko kwenye orodha, nao wanaweza. Ya kwake haikuwemo. Yeye aliruhusiwa kuitumia shahada yake, lakini kwa namna ilivyoandikwa kwenye cheti, na jina la chuo kilichoitoa lifuate.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba katika maabara ileile palikuwa na bwana mmoja wa Rumania, aliyemaliza udaktari mwaka uliotangulia, na ambaye aliandika Dr. tangu siku aliyoshuka kwenye treni. Bwana huyo alikuwa mtu mwema. Alikuja mezani kwa Daktari karibu kila siku kumwomba amsaidie kusoma vipimo vyake.

Basi Daktari aliitii sheria. Alikwenda kwa mchonga vibao, akaagiza jina lake lote, shahada kwa maneno yake yote, jina la chuo bila kukata hata neno, mji kilipo chuo, na nchi, ambayo sheria haikuitaka lakini yeye aliiongeza kwa hiari. Kibao kilipotundikwa kilifunika kisanduku chake na nusu ya kisanduku cha jirani. Mwenye nyumba akaja kulalamika. Daktari akamwonyesha barua ya ofisi na kumwambia kwamba sheria inataka yote, naye ameweka yote. Kibao kilikaa pale mpaka mkataba wake ulipokwisha.

Kutoka hapo alikwenda Italia, na huko mambo yakageuka. Kinyozi alimwita daktari, muuza mkate alimwita daktari, maana kule hata mwenye shahada ya kwanza huitwa hivyo, wala hakuna anayemwomba mtu cheti. Ungedhani angefurahi. Alichukia. Alisema walimpa bure mtaani kitu ambacho ofisini walikuwa hawakitambui, kwa kuwa alipoomba nafasi ya kufundisha chuoni, udaktari wake ulitakiwa kwanza ulinganishwe na wa kwao, utafsiriwe, upigwe mihuri, usubiri. Nafasi ikapewa mwingine karatasi zikiwa bado njiani.

"Ulaya," alikuwa akisema, "ni nyumba moja yenye milango mingi. Kila mlango una bawabu wake, na mabawabu hawasalimiani."

Siku moja, kwa kuchoka, nilimwambia kwamba elimu iko kichwani, cheo ni upepo tu. Alikusanya matembele yake akaingia ndani, na kwa siku mbili alinipita ngazini kama nguzo. Jibu nililipata baadaye, kwenye sherehe ya jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki iliyofanyika Fairfield.

Alikuwa amealikwa kuzungumza juu ya bustani. Karatasi za ratiba zilipogawiwa, wageni wote wa heshima walikuwa na vyeo vyao, mheshimiwa huyu, mchungaji yule, yeye kaandikwa Mama na jina lake. Alimwomba mwenyekiti kalamu. Akasimama mlangoni na kusahihisha karatasi moja baada ya nyingine kwa mkono, Dkt., Dkt., Dkt., na watu wakawa wanapanga foleni kama wanaopigiwa muhuri. Mwenyekiti, Mkenya mwenzangu na mtu mpole, alimwendea akamwambia kwamba hapa Australia watu hawajali vyeo, hata waziri huitwa kwa jina lake la kwanza.

Daktari aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Waziri akiitwa kwa jina lake, kesho bado ni waziri," alisema. "Mimi nikiitwa kwa jina langu, kesho ni mfagiaji."

Akaendelea kuandika. Mwenyekiti akachukua kalamu nyingine mfukoni mwake akamsaidia.

Waliomcheka walikuwa wengi, nami niliwahi kuwa mmoja wao. Wengine walimwona mkali tu, hasa kuhusu mchungaji wetu. Mchungaji alikuwa ametunukiwa udaktari wa heshima na chuo ambacho hakuna aliyefahamu kilipo, na akapenda kutambulishwa nao kila Jumapili. Waumini wote tulimwita Daktari. Daktari wetu wa udongo peke yake alimsalimu, "Bwana asifiwe, mchungaji," akaishia hapo. Wazee wa kanisa walikuja kumwuliza inakuwaje mtu aliyenyimwa heshima yake awanyime wengine. Aliwajibu kwamba yeye alinyimwa cha kweli, na kwamba hatasogea kitini ili cha uongo kipate pa kukaa. Hata hivyo mchungaji alipovunjika mguu, aliyempelekea supu ya maboga kila jioni mpaka akapona alikuwa ni yeye. Na kila alipoliweka bakuli mezani alimwita mchungaji.

Kwa mtu wa namna hiyo, sikuwa tayari kwa nilichokiona siku niliyomwomba anisaidie kuomba kazi ya ghalani karibu na bandari ya Port Botany, alikokuwa akifanya yeye. Nilimpa wasifu wangu ausome. Alichukua penseli akapiga mstari juu ya stashahada yangu ya uuguzi.

Nilimwuliza anafanya nini. Alifungua kabati, akatoa karatasi moja, akaniwekea mbele yangu. Ulikuwa wasifu wake yeye, ule aliompelekea wakala wa ajira. Masomo yake yalifika shule ya sekondari, basi. Miaka ya chuo, miaka ya Uluguru, Ujerumani, Italia, yote ilikuwa imegeuzwa mstari mmoja uliosema alikuwa nyumbani akilea watoto.

Hapa Sydney, alinieleza, hakuna aliyebishana na udaktari wake. Ofisi iliupima na kusema uko sawa na wa hapa, barua safi, lugha nzuri. Kisha akaomba kazi za maabara akaambiwa hana uzoefu wa hapa, akaomba kazi za chini akaambiwa amesoma kupita kazi. Aliomba mpaka akachoka kununua wino.

"Wajerumani walishindwa kunifuta," alisema. "Nilijifuta mwenyewe, hapa, kwenye meza hii."

Ni mara ya pekee niliyomwona akitazama chini. Nami nikaufuta uuguzi wangu, nikapata kazi.

Ghalani alikuwa mtu mwingine. Alifunga maboksi, alibandika lebo, aliitikia kila jina aliloitwa, hata lile Misis. Safari ilikuwa ndefu, treni kisha basi, na njia nzima alilala ameegemea dirisha. Nilianza kufikiri labda kweli umri umemshinda.

Nyuma ya ghala palikuwa na ukuta unaoshikilia kilima cha udongo, na chini ya ukuta huo ndipo tulipokula chakula cha mchana, kwa kuwa palikuwa na kivuli. Baada ya wiki ya mvua, siku moja Daktari aliweka chakula chake chini. Aliinama pale ukuta unapokutana na lami, akachovya vidole katika maji yaliyokuwa yakichuruzika. Yalikuwa na rangi ya chai. Alinieleza kwamba maji safi hayana neno, lakini maji yenye rangi yanatoka na kilima, kidogo kidogo, na siku kilima kitakapobaki na pengo ndani, ukuta utaanguka juu ya yeyote aliyeketi chini yake. Alimwambia msimamizi. Msimamizi alimshukuru vizuri sana. Mvua ikanyesha tena, akamwambia tena, akashukuriwa tena.

Asubuhi iliyofuata alifika na kurasa mbili zilizochapwa, zenye mchoro, vipimo na mapendekezo. Chini alikuwa ametia saini kwa jina lake, shahada yake, na chuo chake, kila neno, kama kwenye kile kibao.

Meneja alimwita kabla ya saa sita. Daktari aliomba niingie naye niwe shahidi. Mezani palikuwa na zile kurasa mbili, na pembeni yake ule wasifu wa sekondari. Meneja hakuwa mkali. Aliuliza tu karatasi ipi ndiyo ya kweli, kwa sababu kampuni ina utaratibu juu ya watu wanaotoa taarifa za uongo.

"Mtu akijiongezea, mnamwita mwongo," Daktari alimjibu. "Mimi nilijipunguza, kwa sababu nikiwa mzima hamkunitaka. Ukitaka kuniadhibu kwa hilo, niadhibu. Lakini watoe watu pale ukutani leo."

Meneja alinitazama mimi, kana kwamba nina la kuongeza. Nilikuwa nalo. Ningeweza kusema kwamba namfahamu, kwamba kile kitabu cheusi nimekiona, kwamba mimi mwenyewe ni muuguzi na wasifu wangu una pengo kama lake. Nilikaa kimya. Nilizihitaji zile zamu. Tukatoka.

Alimaliza siku ile akifunga maboksi. Hakuna aliyemfukuza. Ni simu ya wakala ya kumpangia zamu tu iliyoacha kuita, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka binti yake akamwambia asikae tena karibu nayo. Mwezi haujaisha, ghalani wakaja mafundi wakazungushia uzio pale tulipokuwa tukila, wakachimba mfereji nyuma ya ukuta na kutoa tope la kujaza malori. Msimamizi alitangaza kwamba kampuni inajali usalama wetu. Niliinua mkono. Nikawaambia wote waliokuwa pale, Wakongo, Wavietnamu, wenyeji, ni nani aliyeandika kurasa zile, na cheo chake, na kwamba hayupo tena kazini. Nilikuwa nimechelewa kwa karibu mwezi mzima na nilijua hivyo.

Nilipomwendea kumweleza, na kumwomba radhi kwa ule ukimya, alikuwa akipalilia. Alisema kunyamaza kwangu alikuona, na kwamba hakunidharau kwa ajili yake, kwa sababu na yeye alijinyamazisha miaka mitatu. Kisha akaniambia niende nikalete ule wasifu wangu. Alinisimamia mpaka nikaurudisha uuguzi wote, mstari kwa mstari, na nilipojiandaa kwa mtihani wa usajili akanisimamia vilevile, daftari mkononi, kama wale wauza mboga. Nilianguka mara ya kwanza, nikapita ya pili. Leo ninavaa sare katika hospitali, na kwenye beji yangu cheo changu kimeandikwa.

Nilihama Campbelltown. Simu tulipigiana, zikapungua. Mwaka huu nilikwenda kumtazama, nikamkuta anatembea kwa fimbo, amekonda, sauti ileile. Mwanangu alimwamkia kwa Kiswahili kisha maongezi mengine yote akayafanya kwa Kiingereza, naye akamjibu yote kwa Kiswahili, wakaelewana. Aliniomba nimpeleke posta.

Njiani ndipo aliponieleza jambo ambalo hata binti yake alikuwa hajaambiwa. Baada ya Italia aliwahi kuomba kazi Uhispania, na huko nako akaambiwa udaktari wake lazima kwanza utangazwe kuwa sawa na wa kwao. Alipeleka kitabu, tafsiri zilizoapishwa, mihuri. Kazi ile ilipita zamani, akahamia huku, lakini maombi hakuyaondoa. Kila mwaka aliwaandikia kuuliza wamefikia wapi. Na sasa walikuwa wamejibu. Alitoa bahasha kwenye mkoba wake, akanipa niisome, ingawa sikujua lugha. Palikuwa na muhuri, saini, na jina lake.

Nilimpongeza, nikamwuliza kama anafikiria kusafiri.

"Siendi popote," alisema. "Nilitaka waandike."

Kisha akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja katikati ya barua. Walikuwa wamekosea. Chuo chake walikuwa wamekiweka Kenya. Nilimwambia kwamba sisi Wakenya hatutalalamika, tunamkaribisha. Alicheka mpaka akakohoa, akashika fimbo kwa mikono miwili. Lakini barua nyingine alikuwa ameshaiandika, ya kuomba warekebishe, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiipeleka, pamoja na ile yao, irudi ikaandikwe upya. Nilimkumbusha ilivyowachukua miaka kujibu mara ya kwanza. Nilimtazama alivyokonda, sikuweza kumaliza sentensi. Aliimalizia kwa kutikisa kichwa, akaniambia yeye hajui watachukua muda gani, hiyo ni kazi yao. Ya kwake ni kuwaambia wamekosea.

Tulifika kaunta. Msichana wa posta alichukua bahasha, akaweka vidole kwenye kibodi, akauliza jina la mtumaji. Daktari aliegemeza fimbo, akaanza na cheo, kisha jina, herufi moja baada ya nyingine, akisubiri kila moja ionekane kwenye kioo ndipo aseme inayofuata. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nami, ambaye siku ile ya kliniki nilitamani ardhi inimeze, nilisimama kando yake nikiwatazama watu wale usoni, mmoja mmoja, mpaka akamaliza.